Broka Anataka Land Rover ya Babu kwa Elfu 60? Soma Hii Kabla Hujakubali

Mwezi wa pili nilishuka Garsen na beshte yangu kumsalimia babu yake. Kutoka Malindi ni zaidi ya kilomita 100, jua ni la kukaanga yai, na mbuzi wa huko wanavuka barabara polepole kama wenye nchi. Tulishukia Minjila, pale barabara ya Lamu na ya Garissa zinapoachana, tukadandia boda hadi nyumbani.

Tukakuta kuna deal inapikwa chini ya mwembe. Jamaa mmoja wa kununua skrepu alikuwa ameegemea Land Rover ya kitambo, rangi ya kijani imepauka mpaka imekaa jivu, tairi zote nne ziko chini, kuku ametaga kwenye kiti cha dereva.

"Mzee, hii ni skrepu tu," jamaa alikuwa anasema. "Elfu sitini cash, napakia leo leo."

Babu alikuwa karibu kuitikia. Msichana wao wa mwisho ameitwa chuo na karo haijatimia. "Gari hili halijawaka miaka kumi na mitatu," alituambia baada ya shikamoo. "Linakula kivuli cha mwembe bure. Bora limsomeshe mtoto."

Huwezi kubishana na hiyo. Lakini beshte yangu alimwomba broka arudi kesho, mimi nikampigia simu fundi mmoja wa Malindi ambaye ameshinda chini ya Land Rover maisha yake yote. Kesho yake asubuhi alikuwa Garsen na nyundo, sumaku na tochi. Hizi ndizo vitu nilijifunza siku hiyo, na kama kwenu ocha kuna dinga ya zamani imelala nyuma ya nyumba, zitakusaidia.

Elfu 60 ilitoka wapi?

Swali la kwanza la fundi lilikuwa: huyu broka amepiga hesabu gani?

Jibu ni rahisi. Land Rover ndefu kama ya babu ina uzito wa karibu tani moja na nusu. Tuseme skrepu ya chuma inanunuliwa shilingi 40 kwa kilo. Kilo 1,500 mara 40 ni elfu 60 kamili. Kumbe jamaa hakuwa amenunua gari. Alikuwa amenunua kilo.

Na hata kwa kilo alikuwa anamkula mzee. Bodi ya Land Rover za zamani, yaani madigadi, milango na boneti, kwa sehemu kubwa ni alumini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, kwa hivyo Rover wakatumia mchanganyiko wa alumini. Ukienda kwa mtu wa skrepu leo, alumini ina bei kubwa kuliko chuma, mara kadhaa. Broka anajua hivyo vizuri sana, ndiyo maana hakutaja.

Kitu kingine: Kenya iko na sheria ya vyuma chakavu ya 2015, na mtu wa biashara hiyo anatakiwa kuwa na leseni. Mnakumbuka Januari 2022 serikali ilipiga stop biashara nzima ya skrepu kwa miezi kadhaa juu ya wizi wa vyuma vya stima. Kwa hivyo mtu akikuja na haraka ya "napakia leo leo", muulize karatasi zake kwanza.

Bei ya skrepu ndiyo sakafu. Gari haiwezi kushuka chini ya hapo. Kazi yako ni kujua iko juu ya sakafu kwa kiasi gani.

Kwanza jua una nini

"Land Rover ya zamani" si jibu. Kuna Series I ya 1948 hadi 1958, Series II iliyoanza 1958, na Series III ya 1971 hadi 1985. Series I ndiyo inasakwa zaidi na wenye kukusanya magari, kwa sababu zimebaki chache na ndizo za kwanza kabisa.

Kuzitofautisha si ngumu. Series I mbavu zake ni bapa, na taa kubwa ziko katikati, karibu na wavu wa radieta. Series II mbavu zinatokeza kidogo chini ya dirisha. Series III taa ziko kwenye madigadi, wavu wa mbele ni plastiki, na geji ziko mbele ya dereva badala ya katikati ya dashibodi. Ila chunga: Series II za mwisho nazo zilihamishia taa kwenye madigadi, kwa hivyo usikate kauli kwa taa pekee.

Ya babu ilikuwa Series III ndefu. Ilifikaje Garsen? Tana River imejaa miradi ya kitambo: Hola ya kunyunyizia mashamba tangu miaka ya 50, Bura miaka ya 70 na 80, mpunga wa delta baadaye. Miradi hiyo ilikuja na Land Rover nyingi. Zilipochoka zilipigwa mnada, na wafanyakazi ndio walinunua. Babu alikuwa dereva wa mradi. Gari aliyoiendesha kwa mshahara ndiyo ndugu yake mkubwa alikuja kuinunua kwenye mnada.

Kama kwenu si Land Rover, huenda ni Peugeot 504. Hiyo ilikuwa inaunganishwa hapa Kenya, ikabeba abiria wa masafa marefu miaka nenda rudi, na ilishinda Safari Rally 1975 na 1978. Hesabu ni ile ile, tofauti ni kwamba bodi ya 504 ni chuma, kwa hivyo kutu inakula kila mahali.

Na usisahau kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8 kwa njia ya kawaida. Mtu wa Nairobi akitaka Series III, hawezi kuagiza tu mtandaoni vile anaagiza Vitz kutoka Japan. Anatafuta zilizoko hapa. Zilizoko hapa zinapungua kila broka akipakia moja.

Usipake rangi! Tafadhali!

Hapa ndipo wasee wengi wanaharibu. Mtu anaona gari imepauka, anaenda kununua rangi ya kunyunyiza, anapiga kijani mpya, anadhani bei imepanda. Imeshuka.

Mnunuzi mwenye doo hanunui rangi. Ananunua uhakika. Rangi ya zamani, hata ikiwa imepauka, inaonyesha kila kitu: wapi paligongwa, wapi paliungwa, wapi pako sawa. Ukipaka mpya, mnunuzi anajiuliza unaficha nini. Halafu kuna wale wanaopenda gari vile ilivyozeeka, na hao wakipata ambayo haijaguswa wanalipa zaidi. Gari inaweza kufanywa upya mara kumi, lakini ukishaifanya, ule u-original wa kwanza haurudi.

Mfano wa dunia: mwezi wa pili 2015 huko Paris, magari karibu 60 yaliyokuwa yamelala kwenye mabanda ya shamba moja Ufaransa kwa miongo kadhaa yaliuzwa kwenye mnada. Mojawapo ilikuwa Ferrari 250 GT California Spider, vumbi tupu, magazeti ya zamani yamerundikwa juu yake. Hawakuiosha. Ilienda kwa zaidi ya euro milioni 16. Sawa, Series III ya Garsen si Ferrari, na usimwambie babu nimesema hivyo. Lakini kanuni ni moja.

Mfano wa karibu zaidi uko kwenye mto huu huu wa Tana. Panda nao juu, mbali sana na Garsen, utafika Kora, pale George Adamson aliishi na simba wake tangu 1970. Tarehe 20 Agosti 1989 alisikia mgeni wake anashambuliwa na majambazi, akaingia kwenye Land Rover akaenda kumwokoa. Akauawa hapo, yeye na wasaidizi wake wawili. Land Rover yake imehifadhiwa Elsamere, pale Ziwa Naivasha. Sasa fikiria fundi anyooshe bodi yake, aipige rangi, aweke viti vipya. Ingekuwa inang'aa, na ingekuwa haina maana tena.

Lakini story lazima iwe na ushahidi. Kila mzee wa Pwani mwenye 504 atakuambia ilikimbia Safari Rally. Muulize picha, muulize karatasi, muulize stika. Bila hivyo ni hadithi tamu tu, na hadithi hailipwi.

Vumbi si kutu: ukaguzi wa Tana River

Sasa fundi akalala chini ya gari. Kuku alikasirika sana.

Kosa la watu wengi ni kuangalia juu. Bodi iliyobonyea haitishi, alumini inanyooshwa. Pesa inaliwa chini, kwenye chasisi. Chasisi ya Land Rover ni ya chuma, na imetengenezwa kama boksi refu lenye uwazi ndani.

Hapo ndipo mto Tana unaingia kwenye bei. Garsen na delta yote inapigwa na mafuriko: El Niño ya 1997 na 1998 ilivunja hadi kingo za mashamba ya mpunga, 2018 watu walihama, na mwisho wa 2023 hadi 2024 maji yalirudi tena. Gari ikikaa ndani ya maji hayo, tope laini linaingia ndani ya boksi la chasisi. Maji yanaondoka, tope linabaki, linashika unyevu miezi mingi. Nje unaona chuma kizuri, ndani kinaliwa kama mchwa anakula boriti.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa mwenye gari yeyote wa huku ni: maji yalifika wapi? Usiulize "ilifurika?" Kila mtu atasema hapana. Mwambie akuonyeshe alama ya maji kwenye ukuta wa nyumba, halafu simama kando ya gari upime kwa mguu wako. Nyumba ya babu iko kwenye mwinuko. Maji ya 2018 yaliishia kwenye zizi, hatua kama 30 kutoka mwembe.

Baadaye ni nyundo. Fundi aligonga chasisi kuanzia mbele hadi nyuma, akisikiliza. Chuma kizima kinalia kama kengele. Kilichooza kinatoa sauti ya kadibodi. Mahali pa kugonga zaidi ni ubavu wa nyuma kabisa pale pa kufungia trela, na vile vikono vinavyoshika bodi pembeni. Ya babu ililia vizuri isipokuwa ubavu wa nyuma na kikono kimoja. Hivyo viwili vinakatwa na kuchomelewa vipya.

Kisha akakagua ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Huu nao unaoza, hasa kwenye bawaba za mlango na chini ya miguu, na kuutengeneza ni kazi ya pesa.

Sumaku ni ya nini? Kwenye Peugeot unaipitisha juu ya bodi, na mahali haishiki ujue kuna putty nene chini ya rangi. Kwenye Land Rover ni kinyume: madigadi ya alumini hayashiki sumaku hata kidogo, kwa hivyo ikishika ujue mtu alibandika bati la jua kali.

Injini: hakuna kuweka betri na kujaribu kuwasha. Gari iliyolala miaka 13, ukiilazimisha unaweza kuvunja kitu kilichokuwa kizima. Fundi alitoa plagi, akadondosha mafuta kidogo ndani ya kila silinda, akangoja, akazungusha kwa mkono polepole. Ikazunguka. Alicheka mwenyewe. Injini iliyokwama na inayozunguka ni bei mbili tofauti.

Na ilikuwa injini yake ya kuzaliwa. Land Rover nyingi Kenya zimetolewa injini zikawekwa ya Toyota au Nissan ya dizeli. Kwa kazi ya shamba hiyo ni akili, lakini kwa mtu anayetaka ya zamani kamili, inapunguza bei, isipokuwa kama ile ya kwanza bado iko kwa stoo.

Mwisho, hesabu vitu vidogo: geji, vishikio vya mlango, taa, fremu za viti, jeki. Spea nyingi za Land Rover bado zinatengenezwa Uingereza, hadi chasisi nzima mpya, lakini kila kimoja kinataka doo na usafiri. Kwenye banda la mbuzi tulipata mlango wa nyuma ulikuwa unatumika kama geti. Usitupe kitu chochote mpaka ujue ni cha nini.

Karatasi zinaweza kuua deal

Hapa ndipo kicheko kiliisha.

Namba ya chasisi ya Series III imepigwa kwenye chuma mbele upande wa kulia, karibu na mahali springi inashikilia, na kuna kibati ndani ya gari. Fundi akasugua na brashi, zikasomeka, zikafanana na logbook. Safi. Plate bado ni ile ya herufi tatu na namba bila herufi ya mwisho, ya kabla ya KAA kuanza 1989. Wapenzi wa magari wanapenda plate hizo, usikubali mtu azichomoe akuambie ni takataka.

Shida: logbook ina jina la ndugu ya babu, na ndugu huyo alishafariki. Bila kumaliza mambo ya urithi, hakuna mtu anaweza kuhamisha gari kwa mfumo wa NTSA. Familia ya Kiislamu inaweza kwenda kwa kadhi, wengine wanaenda mahakama ya kawaida wakianzia na barua ya chifu. Inachukua muda na safari kadhaa.

Gari bila karatasi inauzwa kama spea tu. Hata iwe nzuri aje, mnunuzi serious ataondoka. Na kama ilikuwa ya serikali, yenye plate za GK, hakikisha kuna karatasi za mnada, la sivyo uko na mali ya umma nyuma ya nyumba.

Sasa piga hesabu

Fundi alichora kwenye mchanga na kijiti. Namba hizi ni za mfano, za kukuonyesha njia, si bei ya soko. Wewe tafuta zako kwa mafundi watatu na wauzaji watatu.

Anza na bei ya gari ya aina hiyo ikiwa inatembea na iko poa. Tuseme milioni 1.2.

Toa gharama ya kufika hapo:

- Chasisi na ule ukuta: 250,000
- Injini: 180,000
- Breki: 90,000
- Waya za stima: 40,000
- Tairi tano: 80,000
- Kuivuta hadi Mombasa: 45,000

Jumla 685,000. Ongeza asilimia 20 ya mambo ambayo huyaoni, kwa sababu gari ya zamani lazima ikushangaze. Hiyo ni 137,000. Jumla kuu 822,000.

Milioni 1.2 toa 822,000 inabaki 378,000. Hapo ndipo mazungumzo yanaanzia. Kama haijaguswa na karatasi ziko sawa, panda kidogo. Kama karatasi hazijaisha, shuka, tena si kidogo.

Ukiona hesabu imeshuka hadi chini ya sakafu ya skrepu, pia hilo ni jibu. Kuna magari ambayo mto uliyamaliza, na hizo uza kama spea, kipande kimoja kimoja: gia, diferensheli, milango. Bado utapata zaidi ya bei ya kilo.

Babu alitazama mchanga muda mrefu. Akauliza swali moja tu: "Na hiyo laki tatu na kitu, mtu atatoa lini?"

Hilo ndilo swali ambalo wapenda magari wa Nairobi husahau. Elfu 60 ya broka ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ya leo. Laki tatu na nusu ni ya baada ya mahakama, baada ya NTSA, baada ya kupata mtu anayeijua. Thamani bila mnunuzi hailipi karo, na mwanafunzi anaripoti kwa tarehe.

Familia ilikaa jioni hiyo. Waliuza mbuzi sita, shangazi wa Hola akaongeza, msichana akaripoti chuo na nusu ya karo. Broka aliporudi aliambiwa asante, aende salama. Alipandisha hadi elfu 90 akiwa bado amesimama, bila kuombwa. Hiyo peke yake inakuonyesha alichokuwa anajua.

Kama kwenu kuna moja, anza hivi

Piga picha kila upande kabla hujagusa kitu, pamoja na namba za chasisi na injini. Hamisha kuku. Inua gari juu ya mawe ili chasisi isiguse udongo, na uifunike juu tu, upepo upite chini. Usiimwagie maji ya presha, usipake rangi, usijaribu kuiwasha. Tafuta logbook leo, na kama jina ni la marehemu, anza safari ya chifu wiki hii, maana hiyo ndiyo kazi ndefu kuliko zote.

Halafu kaa na mzee na urekodi kwa simu: ilinunuliwa wapi, nani aliiendesha, ilibeba nini, ilikwama wapi. Babu alituambia jinsi walivyobeba mama mjamzito kwenda hospitali usiku wa El Niño, maji yakiingia mlangoni, na ndugu yake akitembea mbele na fimbo kupima kina.

Kesi ya urithi iko mahakamani sasa. Land Rover bado iko chini ya mwembe, juu ya mawe manne, na mlango wake wa nyuma umerudi. Mbuzi wamewekewa geti la mbao.